Vipimo vya mishipa ya shingo: kipi huona hatari ya kiharusi?
MISHIPA miwili ya karotidi, inayopanda kila upande wa shingo, ndiyo hupeleka sehemu kubwa ya damu kwenye ubongo. Mafuta yakijijenga ndani ya kuta zake hufanya tando, na kipande cha tando hilo kikimeguka huweza kuziba mshipa wa ubongoni na kuleta kiharusi.

Kwa miaka mingi madaktari waliuliza jambo moja tu: mshipa umebanwa kiasi gani? Utafiti wa NASCET, uliochapishwa mwaka 1991, ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wenye dalili na mbano wa asilimia 70 hadi 99, upasuaji ulipunguza kiharusi cha upande huo katika miaka miwili kutoka asilimia 26 hadi 9. Mbano huo ulipimwa kwa angiografia, mbinu iliyoasisiwa na Mreno Egas Moniz mwaka 1927. Picha zake ni safi, lakini huonyesha njia ya damu tu, si ukuta. Tena kipimo chenyewe, kwa nadra, huweza kusababisha kiharusi kilekile kinachokusudiwa kuzuiwa.

Ndiyo maana ultrasaundi ya Doppler hutangulia. Haina mionzi, ni nafuu, nayo hupima kasi ya damu, ambayo huongezeka penye wembamba. Kwa makubaliano ya wataalamu wa Marekani ya mwaka 2003, kasi inayozidi sentimita 230 kwa sekunde huashiria mbano wa asilimia 70 au zaidi. Hata hivyo, matokeo hutegemea mno mkono wa mpimaji, na chokaa ikikithiri mshipani huficha kilicho nyuma yake.

CT-Scan huona chokaa vizuri na humaliza kazi kwa sekunde chache, ila hutumia mionzi na dawa ya ayodini, ambayo huhitaji tahadhari kwa wenye figo dhaifu. MRI ni ghali na huchukua muda, lakini huonyesha damu iliyovuja ndani ya tando, dalili ya hatari hata pale mbano ni mdogo.

Liko pia jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Mbano wa asilimia 50 kwa hesabu ya NASCET hukaribia asilimia 70 kwa hesabu iliyotumika katika utafiti wa Ulaya. Ripoti isiyotaja hesabu iliyotumika huweza kumpeleka mtu kwenye kisu bila sababu, au kumrudisha nyumbani akiwa hatarini.