Tembo wa dhahabu wa Tabora

Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imeifunga bahari, Tabora ilichonga tembo. Hakuwa wa mti wala wa jiwe. Alichongwa ndani ya chuma kigumu, kisha akapigwa chapa kwenye dhahabu: mnyama mdogo kwenye sarafu yenye upana wa milimita 22 hivi, mkonga umeinuliwa, milima imejipanga nyuma yake.

Meli za Kiingereza zilikuwa zimezuia pwani, na sarafu zilizofuliwa Ujerumani hazikuweza kufika tena. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilichapa noti za karatasi humuhumu nchini, lakini watu waliozoea rupia ya fedha hawakuziamini. Tabora ilikuwa na kitu kilichoweza kusaidia. Reli ya Kati iliifikia mwaka 1912, na pamoja na reli ikaja karakana yenye mitambo na mafundi wa vyuma. Humo zikafuliwa hela 5 na hela 20, kisha rupia 15 za dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke kule Iramba. Zote zina herufi T, alama ya Tabora.

Wanaofuatilia historia ya sarafu humtaja aliyechonga chapa ya tembo kuwa sonara wa Kisinhala, mtu wa asili ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Kazi yake haikuwa nyepesi. Mchonga chapa hufanya kila kitu kinyume: tumbo la tembo lazima liwe shimo ili kwenye dhahabu litokeze, na upande wa kushoto lazima uchongwe kulia. Patasi ikiteleza kidogo, kosa hilo litarudiwa kwenye kila sarafu. Na zilitoka zaidi ya 16,000. Hata hivyo tembo yule ana uzito, ana hasira, anatembea. Kwangu mimi huyu ni mchongaji wa wanyama wa daraja la juu, ingawa sarafu haina jina lake.

Tembo alistahili kuwa nembo ya Tabora kuliko mnyama mwingine yeyote. Kwa miaka mingi alipita hapa akiwa pembe tu, mabegani mwa Wanyamwezi, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, kisha kwa jahazi hadi Unguja. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na pembe nyingine zilizidi hapo. Wachukuzi wa pembe ndio walioheshimiwa msafarani. Walifunga kengele kwenye pembe zao ili zilie njia nzima. Kwenye dhahabu ya 1916 mnyama yule yuko mzima, na pembe zake bado ni zake.

Ufuaji haukudumu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, yaliingia mjini. Sarafu za tembo zikatawanyika, na leo hushindaniwa kwa bei kubwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani. Kilomita chache kutoka mjini, Kwihara, kuna makumbusho ya Livingstone, mahali palipokuwa na tembe alimokaa na Stanley mwaka 1872. Angalau sarafu moja ya tembo ingerudishwa hapo, iwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Tabora anaweza kuisogelea na kuichora.