SOMO LA HISTORIA: UFUO UNAOMEZA MAWIMBI

Wenzetu wa darasa la Kagunga, fungueni madaftari yenu.

Mnayajua mawimbi ya Ziwa Tanganyika. Wimbi likipiga mwamba, hurudi ziwani. Likiingia katika matete, hupungua nguvu mpaka hufa. Leo tutasoma habari za wataalamu waliotafuta matete ya kuyamaliza mawimbi ya tetemeko la ardhi.

Ziwa letu limo katika Bonde la Ufa, na ardhi yake hutetemeka. Tarehe 13 Desemba 1910 palitokea tetemeko kubwa upande wa Rukwa. Ukubwa wake ulikuwa 7.4 hivi. Tarehe 5 Desemba 2005 likatokea jingine ziwani, la 6.8, na nyumba zikabomoka Kalemie, upande wa Kongo.

Hatuwezi kuitikisa nchi makusudi ili tujue nyumba ipi itasimama. Kwa hiyo wataalamu huhesabu kwa kompyuta mwendo wa mawimbi ardhini. Lakini kompyuta haiwezi kuichukua dunia nzima. Hupewa kipande tu, mfano wa sanduku. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Wimbi lilifika ukingoni mwa sanduku, likarudi kana kwamba limepiga mwamba. Katika ardhi ya kweli mwamba huo haupo! Wimbi la uongo likachanganyika na la kweli, hesabu ikaharibika.

Mwaka 1969, Lysmer na Kuhlemeyer waliweka ukingoni kitu cha kupunguza nguvu ya wimbi. Kilifaa, ila wimbi lililokuja kwa mshazari lilirudi kidogo. Mwaka 1977, Clayton na Engquist walitunga hesabu inayoliruhusu wimbi kutoka bila kurudi. Hata hiyo haikuyaweza yaliyokuja kwa mshazari sana. Mwaka 1994, Bérenger wa Ufaransa alibuni tabaka ambalo wimbi huingia bila kurudishwa, kisha hufia ndani. Yeye alishughulika na mawimbi ya umeme na sumaku. Baadaye wataalamu wa matetemeko wakaichukua njia yake.

Faida yake kwetu ni nini? Mjenzi akipewa hesabu yenye mawimbi ya uongo, huenda akajenga ukuta dhaifu penye hatari, watu wakalala chini yake.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini wimbi hurudi kutoka ukingo wa sanduku?
2. Njia ya 1969 ilikuwa na upungufu gani?
3. Waulizeni wazee: wanakumbuka tetemeko gani?

Kwaherini mpaka somo lijalo.