Tumbo Imekukatia Ghafla Nax? Hizi Ndizo Picha Daktari Anaweza Kukuitishia

Ni saa nane usiku, uko keja Kaptembwa, tumbo inakukata mpaka umejikunja kama ngumi. Wengi wetu husema "ni alsa tu", tunameza dawa ya kemisti na kungoja kukuche. Manze, kidole tumbo huwa haingoji. Ikipasuka, usaha unamwagika ndani.

Ukifika PGH (jina rasmi sa hii ni Nakuru County Teaching and Referral), daktari anakuuliza maswali na kukubonyeza kwanza. Penye inauma ndipo panaamua mashine.

Altrasaundi. Inatumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, so hata mwenye mimba ako salama. Ndiyo huanza uchungu ukiwa juu kulia, penye nyongo hukaa na mawe yake. Madem, kama periodi imechelewa na inauma chini, usimfiche daktari. Mimba ikishika kwa mrija badala ya mji wa mimba, mrija unaweza kupasuka ukavuja damu ndani kwa ndani.

Eksirei. Haioni kila kitu, lakini ni chap chap. Unapigwa ukiwa umesimama. Hewa ikionekana chini ya kiwambo cha mapafu, mara nyingi alsa imetoboa tumbo. Pia inaonyesha utumbo mkubwa ukijisokota. Unafura hadi kwa picha unakaa mbegu ya kahawa.

Siti skani. Ni eksirei inayokuzunguka, kompyuta inakuonyesha kipande kwa kipande kama mkate. Mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971. Inanasa mawe ya figo, na kidole tumbo yenye altrasaundi imekosa kuona. Lakini mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei ya kawaida, na kabla ya kudungwa dawa ya kung'arisha picha, figo zako hupimwa mara nyingi. Ndio maana haiitishwi ovyo.

Na usishangae msee akipelekwa thieta bila picha. Presha ikiwa imeanguka na damu inavuja, kungoja foleni ya mashine kunaweza kumuua.

So tumbo ikikauka kama ubao, ukitapika bila kuacha, ukishindwa kutoa hata hewa, ama ukizimia, usingoje asubuhi. Usile, usimeze dawa ya kuharisha. Amsha jirani, tafuteni gari, na ubebe picha za zamani kama unazo.