Reli Ilifika Kabla ya Mji: Historia ya Vivuko vya Kolwezi na Swali la Madaraja

Tangu habari za njia ya Lobito zianze kutajwa kila siku, kuna swali ambalo wakaaji wa Kolwezi wanaulizana: treni zikirudi kwa wingi, tutavukia wapi? Wengine wanaomba madaraja ya kupita juu ya reli, au njia za kupita chini yake. Wengine, hasa wanaoishi kando ya reli kule Bel Air, wanaogopa kwamba siku daraja litakapokuja, nyumba yao itaondoka. Pande zote mbili zina haki. Ili tuelewe kwa nini, turudi nyuma karibu miaka mia moja.

Reli 1931, mji 1937

Mwaka 1902 Mskoti Robert Williams alipata kwa Wareno ruhusa ya kujenga reli kutoka bandari ya Lobito, Angola, kuelekea migodi ya Katanga. Upande wetu kampuni ya BCK iliundwa mwaka 1906. Reli ikitokea kusini ilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, kisha Bukama mwaka 1918. Kutoka Tenke likatolewa tawi la kwenda magharibi hadi Dilolo, na mwaka 1931 likaunganishwa na reli ya Angola mpakani.

Wakati huo mji wa Kolwezi haukuwepo. Union Minière iliuanzisha mwaka 1937, miaka sita baada ya reli kukamilika.

Miaka hiyo sita inaeleza mengi. Reli ilipangwa kwa hesabu ya shaba: njia iliyo fupi, mlima mdogo, gharama ndogo. Hakuna aliyepanga kwa ajili ya mama mwenye beseni la samaki kichwani au mtoto anayekimbilia shule, kwa sababu hawakuwepo. Mji ulipokua, na kambi za wafanyakazi, karakana, masoko na makartie, ulijipanga kwa kuifuata reli. Mahali barabara ilipoikuta, ilipitishwa juu ya chuma hapo hapo, usawa kwa usawa. Magari yalikuwa machache, na bariere yenye mlinzi ilitosha.

Tuneli ya Lubumbashi

Wakoloni walijua kutenganisha barabara na reli pale walipoona faida. Mfano uko Lubumbashi: ile njia ya kupita chini ya reli ambayo watu wanaiita Tuneli. Kwa kweli ni daraja la reli tu, na barabara inapita chini yake. Lakini ilikuwa mlango wa kuingilia katikati ya mji. Katika vita vya kujitenga kwa Katanga, tarehe 16 Desemba 1961, askari wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliishambulia Tuneli asubuhi, mvua ikinyesha, na wakaikamata. Watu wao walikufa pale kwa ajili ya kipande kifupi cha barabara.

Tukio hilo linatufundisha kwamba kivuko cha reli ni lango la mji. Likifungwa, upande mmoja unakatwa na mwingine. Wakati wa vita linafungwa kwa bunduki. Wakati wa amani, treni ya mizigo iliyosimama katikati ya mji inaweza kulifunga vilevile, na mgonjwa anayekimbizwa hospitali akangoja.

Miaka ya kimya

Katika miaka ya 1950 BCK iliweka nyaya za umeme juu ya reli katika eneo la migodi. Sehemu ya kwanza ilikuwa Likasi hadi Tenke, mwaka 1952, na baadaye umeme ukafika Kolwezi. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga njia ya Lobito. BCK ilikuwa imekuwa KDL, halafu ikawa SNCZ, na leo ni SNCC. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilianguka hadi chini ya tani 50,000 miaka kumi baadaye. Treni zikapungua, na mzigo ukahamia kwenye kamio za barabarani.

Reli hiyo ina kumbukumbu nyingine pia. Mwaka 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa makwao na kulala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi na kandokando yake, zikingoja treni ya kuzipeleka mbali. Wengine walifia pale pale. Kwa familia hizo, neno reli linamaanisha kupoteza nyumba.

Katika miaka ya kimya watu waliisogelea reli. Walijenga, walipanga meza za biashara, njia za miguu zikapita juu ya chuma kila mahali. Si uzembe tu. Mji ulijaa wachimbaji na wafanyabiashara, na migodi nayo ilikuwa ikisukuma watu. Kasulo mwaka 2017 familia zilihamishwa ili kupisha uchimbaji, na Cité Gécamines nyumba zimeendelea kubomolewa kwa ajili ya mgodi. Anayeondolewa upande mmoja hutafuta nafasi upande mwingine, na mara nyingi nafasi iliyobaki ni karibu na reli.

Treni zinarudi

Wachina waliijenga upya reli ya Angola, na ikazinduliwa hadi mpakani mwaka 2015. Mwaka 2018 mzigo wa madini kutoka Congo ulianza tena kupita huko. Mwaka 2023 Angola ilikabidhi njia yake kwa kampuni ya Lobito Atlantic Railway kwa miaka 30, na mwisho wa mwaka huo shaba ya Kamoa-Kakula ikafika Lobito kwa treni kama jaribio. Marekani na Ulaya zimeahidi fedha. Kipande cha kwetu, karibu km 400 kutoka Kolwezi hadi Dilolo, ni cha SNCC na kinasubiri kutengenezwa.

Mwaka 2025 shirika la Global Witness lilikadiria kwamba watu hadi 6,500 wanaweza kupoteza makao kwa sababu ya kazi hiyo, na Bel Air ndipo wengi walipo. Hapo ndipo swali la madaraja linakuwa gumu.

Hesabu ya daraja

Daraja la barabara juu ya reli yenye nyaya za umeme lazima liwe juu sana. Ukiweka nafasi ya treni na nyaya, kisha unene wa daraja lenyewe, barabara inafika karibu m 8 juu ya chuma. Kamio iliyojaa shaba haipandi mlima mkali. Kwa mpando wa m 5 kila m 100, unahitaji m 160 upande huu na m 160 upande ule. Katika mji uliojaa, hizo ni nyumba nyingi na maduka mengi.

Kupitisha kamio chini ya reli kunahitaji kina cha karibu m 6. Njia ni fupi kidogo, lakini hapa mvua inanyesha miezi mingi, na maji hukimbilia shimoni. Bila mifereji na pampu zenye umeme wa kuaminika, njia hiyo itakuwa bwawa.

Kwa watembea kwa miguu hesabu ni nyingine. Mtu anahitaji nafasi ya m 2.5 tu, hivyo kina chote ni kama m 3.5, na njia nzima ni fupi. Ngazi za kupanda m 8 na mfuko wa unga mgongoni, au baiskeli ya makala, watu hawatazitumia. Watarudi kuvuka juu ya chuma. Vivuko vidogo vingi vya chini vinaweza kuokoa watu wengi kuliko daraja moja kubwa la kamio, na vinabomoa nyumba chache.

Wenzetu wamekwisha kupitia haya. Reli mpya ya Tanzania kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ilijengwa tangu mwanzo na uzio, madaraja ya juu na vivuko vya chini. Kinshasa, zile sauts-de-mouton zilizoanzishwa mwaka 2019 ziliwekwa katika mji uliokwisha kujaa, na wakaaji walikaa muda mrefu kwenye foleni kandokando ya mabati ya kazi. Kupanga mapema ni rahisi kuliko kurekebisha.

Na nani alipe? Chicago, Marekani, katika miaka ya 1890, halmashauri ya mji ilizilazimisha kampuni za reli kuinua njia zao juu ya barabara, na kampuni ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya gharama. Aliyeleta treni ndiye aliyelipia usalama.

Maswali ya kupeleka kwenye mkutano

Kifungu cha 34 cha katiba yetu kinasema kwamba mali ya mtu haichukuliwi ila kwa manufaa ya umma, na kwa fidia ya haki inayolipwa kabla. Sheria ya tarehe 22 Februari 1977 inaeleza utaratibu. Anayeishi ndani ya ardhi ya reli anaweza kuambiwa kwamba hana haki yoyote. Kwa hiyo tunza kila karatasi: ya kiwanja, ya kodi, ya maji au umeme, na picha za nyumba.

Wakija kuwaonyesha mipango, ulizeni mambo manne. Vivuko vya miguu ni vingapi, na viko wapi? Mpando wa daraja unafika nyumba ya nani? Fidia italipwa tarehe gani, kabla ya tingatinga au baada? Na mpaka daraja likamilike, nani atakaa kwenye bariere usiku?

Mwaka 1931 hakuna aliyekuwepo kuuliza. Safari hii tupo.