Samaki Aitwaye Nyerere na Matangi ya Kitisuru

Mwaka 2025 ulipita kimya, ingawa kwa maoni yangu ulistahili angalau taarifa gazetini. Ulitimiza miaka 40 tangu Frans Witte na mwenzake Witte-Maas, wataalamu wa samaki kutoka Uholanzi, wampe samaki mmoja wa Ziwa Victoria jina la Haplochromis nyererei. Ilikuwa 1985, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipong'atuka. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano uliochorwa mistari myeusi. Mwaka 1998 wataalamu wengine walimhamishia katika kundi walilolipa jina la Kiswahili kitupu: Pundamilia.

Nilimkumbuka samaki huyo nikiwa Kitisuru, jijini Nairobi, mahali ambapo hayupo. Sebuleni mwa mwenyeji wangu kuna tangi la kioo la urefu wa futi sita, na ndani yake oska wawili wenye upana wa sahani ya chakula. Mwenye nyumba akiingia, wanakuja kiooni kumlaki. Mimi mgeni walinitazama kwa jicho la askari wa getini. Oska ni wa Mto Amazon. Mtaalamu Agassiz alipomwandika mara ya kwanza mwaka 1831 alidhani ametoka baharini, kosa ambalo wafugaji wa samaki hulisimulia hadi leo kwa furaha. Hufika sentimita 30 na zaidi, hung'oa mimea, na samaki yeyote anayeenea kinywani mwake humfanya kitoweo.

Oska ni wa jamii ya sikilidi. Tilapia unayemla kwa ugali naye ni wa jamii hiyo hiyo, na mara nyingi watu husahau undugu huo. Yumo pia frontosa wa Ziwa Tanganyika, mwenye nundu kichwani kama ile ya begani mwa ng'ombe wa Kiborana, ambaye huuzwa ghali kwa sababu hukua polepole. Biashara ya kumsafirisha yeye na jamaa zake wakiwa hai ilishamiri miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akiwapakia kwenye ndege kutoka Bujumbura. Ziwa Malawi nalo likapata wasafirishaji wake.

Mwenyeji wangu alinieleza jambo ambalo sikulitarajia, kwamba maji huamua samaki kabla ya mfuko. Maji ya mfereji ya Nairobi, yanayotoka milima ya Aberdare kupitia Ndakaini na Sasumua, ni laini, na oska huyapenda. Visima virefu vya jiji aghalabu hutoa maji yenye magadi na floridi nyingi. Floridi hiyo huharibu meno ya watoto, lakini magadi humfaa samaki wa Tanganyika, aliyezoea maji makali yanayokaribia pH 9. Kinachobaki ni baridi ya Julai, inayodai hita, na stima kupotea usiku. Pampu ikizima, bakteria walio kwenye chujio, wanaogeuza kinyesi cha samaki kisiwe sumu, huanza kufa kwa kukosa hewa, na tangi zima hunuka kabla ya mchana.

Nilipomuuliza kama ana fulu, alicheka. Fulu ni wa kukaanga, tena kwa mwenye pesa kidogo.

Hapo ndipo kisa kilipo. Fulu, ambao Mwanza huitwa furu, ni sikilidi wadogo wa Ziwa Victoria, zaidi ya spishi 500. Uchunguzi wa tope la chini ya ziwa umeonyesha kwamba ziwa lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita, kwa hiyo utitiri wote huo ulichipuka katika muda ambao kwa milima ni usiku mmoja. Walikuwepo wala konokono, wala magamba ya wenzao, hata waliofyonza mayai na watoto kutoka vinywani mwa majike. Jike la fulu hulelea watoto kinywani. Mwaka 1969 hadi 1971 meli ya utafiti Ibis ilivuta nyavu zake ziwani, na hesabu ikatoka kwamba katika uzito wa samaki wa tabaka la chini, asilimia 80 walikuwa fulu.

Serikali za kikoloni zilikuwa zimekwisha kuwaita fulu samaki takataka. Ngege, tilapia mtamu wa asili, alikuwa ameanza kupungua tangu nyavu za kisasa zilipoletwa mwaka 1905, na uchunguzi wa Michael Graham wa 1927 na 1928 ulionya mapema. Maofisa wa idara ya wanyama na samaki ya Uganda wakaja na hesabu yao. Fulu wana miiba mingi na bei ndogo, basi aletwe sangara kutoka Ziwa Albert awale, kisha sisi tumle sangara. Wazungu wenye ndoano nao wangepata samaki wa kujivunia picha.

Wanasayansi wa kituo cha uvuvi cha Jinja walikataa. Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kwamba hesabu hiyo ni ya kinyume. Kilo moja ya samaki mla samaki hugharimu kilo kadhaa za samaki wanaoliwa, kwa hiyo ziwa lingetoa chakula kidogo kuliko awali, na sangara asingeacha tilapia eti kwa kuwa wana bei. Alijibiwa mwaka uliofuata na waliompinga. Wengi hawakujua kwamba mabishano hayo yalikuwa matanga ya marehemu aliyekwisha kuzikwa. Robert Pringle alionyesha mwaka 2005 kwamba sangara walitiwa ziwani kwa siri upande wa Uganda mwaka 1954. Walipoanza kunaswa, wakubwa waliamua kuwaongeza hadharani mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kisumu ikiwemo. Hoja ya Fryer haikushindwa kwa hoja. Ilipitwa na ndoo.

Miaka ishirini sangara, yaani mbuta, hakusikika sana. Kisha miaka ya 1980 akalijaza ziwa. Viwanda vya minofu vikafunguliwa, na fulu wakatoweka kwa wingi usiofanana na wowote uliopata kuandikwa kuhusu wanyama wenye uti wa mgongo. Makadirio yanayotajwa sana ni spishi 200. Tijs Goldschmidt, mmoja wa watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliokuwa Mwanza wakati huo, alisimulia katika kitabu chake cha 1994 jinsi samaki walivyopotea kabla hajamaliza kuwapa majina. Nyererei aliponea kwenye miamba, ingawa maji yaliyochafuka kwa mbolea na tope yalizuia majike wasitofautishe dume lake jekundu na dume la buluu la spishi nyingine, na spishi zikaanza kuchanganyika.

Baadhi ya fulu waliookoka wapo kwenye matangi ya vioo ya watu wa Ulaya na Marekani, wakizalishwa na wapenzi wanaotunza kumbukumbu za kila ukoo. Sampuli za samaki wa Mwanza zipo Leiden, kwenye chupa za spiriti. Kwetu kuna tangi la Makumbusho ya Kisumu, na kuna Ziwa Kanyaboli huko Siaya, ambako ngege na fulu walijificha kwenye kinamasi cha Yala. Sehemu ya kinamasi hicho nayo imekwisha kukatwa mashamba.

Sina ugomvi na oska. Ila mfugaji wa Kitisuru mwenye tangi la futi sita, kisima chake na jenereta yake, anaweza kulinda kundi moja la fulu kwa gharama ndogo kuliko chakula cha oska wawili. Akianza, awaweke spishi moja katika tangi moja ili wasichanganyike, na akichoka asiwamwage mtoni.