Msumeno, Sala na Mke wa Pili

Ukitoka Webuye kwenda Kitale unapita Lugulu, penye hospitali na shule ya wasichana za Kanisa la Friends. Chimbuko la kanisa hilo nchini Kenya ni Kaimosi, walikofika Waquaker (ndio hao Friends) watatu wa Marekani mwaka 1902: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Shirika lao lilijiita Friends Africa Industrial Mission, na kweli lilikuja na vyuma. Walifunga kinu cha kupasulia mbao kando ya mto, maji yakaendesha msumeno, mbao zikajenga nyumba na madarasa. Kibarua aliyefuata ujira alikuta sala inatangulia kazi. Haukupita muda daktari naye akaja.

Ulaya walikuwa wamegombana kwa karne nyingi juu ya kinachomwokoa mtu, imani au matendo. Martin Luther, aliyeshika imani peke yake, aliudharau Waraka wa Yakobo mwaka 1522 kwa sababu unadai matendo. Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la kupatana 1999. Kaimosi haikungoja saini hizo. Dawa, mbao na Biblia vilitoka mkono mmoja.

Mizani hiyo ya imani na matendo ilipoyumba, iliyumba kwa namna mbili. Mwaka 1927 waumini wa Kaimosi walianza kulia, kutubu hadharani na kusali kwa sauti, wakisema wamejazwa Roho. Viongozi wakawaona wamepita kiasi, na wengi wa waumini hao hatimaye wakaunda makanisa yao.

Namna ya pili ilikuwa kwa Wabukusu wa upande wa Webuye na Kimilili: kikwazo kilikuwa ndoa. Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji mpira hodari aliyelelewa na Friends, alioa mke wa pili na kutengwa. Kwa maoni yangu hapo kanisa lilijifunga lenyewe: Yakobo anawataja yatima na wajane, hahesabu wake wa mtu. Tendo lililopimwa mlangoni halikuwa lile lililohubiriwa.

Masinde akaanzisha Dini ya Msambwa, iliyorudisha matambiko ya mababu na kumtaka mzungu aondoke. Serikali ya kikoloni ikamfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipotoka, mwaka 1947, aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe, kilima kilicho juu ya Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa huko na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi waumini wa Msambwa huko Malakisi, na dini hiyo ikapigwa marufuku mwaka huohuo.