Majaribio ya kutenganisha madini kwa graviti

Majaribio ya kutenganisha madini kwa graviti ni vipimo vya maabara vinavyotumia sampuli ndogo ya mbale ili kujua kama madini yanaweza kutengwa na mawe kwa tofauti ya densiti. Hufanywa kabla ya kununua mitambo, hasa kwa mbale za dhahabu na bati.

Kanuni

Densiti ya dhahabu safi ni takriban 19.3 g/cm³, ya kasiteriti (mbale ya bati) karibu 7, na ya kwatzi 2.65. Kukadiria ugumu wa kazi, densiti ya madini hutolewa 1, yaani densiti ya maji, kisha hugawanywa kwa densiti ya jiwe iliyotolewa 1 vilevile. Jibu likizidi 2.5, kutenganisha ni rahisi. Likiwa chini ya 1.25, kwa kawaida njia hii haifai. Kwa kasiteriti na kwatzi jibu ni 3.6. Hata hivyo, punje ndogo sana huchukuliwa na maji, na madini yaliyofungwa ndani ya jiwe hayatengeki mpaka jiwe lisagwe.

Mbinu

Sampuli husagwa na kuchekechwa, kisha hupitishwa kwenye karai, meza ya kutikisa au mashine inayozungushwa kwa kasi. Njia nyingine ni kutumia kimiminika kizito: katika bromofomu, yenye densiti ya 2.89, kwatzi huelea na madini mazito huzama. Bromofomu ina sumu, hivyo hutumiwa kwa tahadhari.

Kwa dhahabu, sampuli husagwa kwa hatua. Dhahabu iliyo huru hukusanywa kila baada ya hatua, kabla ya mabaki kusagwa zaidi.

Hesabu

Kilo 1 ya mbale yenye gramu 5 za dhahabu kwa tani ina miligramu 5. Makinikia yakiwa na miligramu 3, upatikanaji ni 60%. Mabaki pia hupimwa ili kuhakiki hesabu. Punje moja kubwa ya dhahabu inaweza kupotosha matokeo ya sampuli ndogo, kwa hiyo mbale ya namna hiyo huhitaji sampuli kubwa zaidi.

Umuhimu

Wachimbaji wadogo katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, hukamata dhahabu kwa zebaki, ambayo hudhuru mfumo wa neva. Mkataba wa Minamata wa 2013 unazitaka nchi wanachama kupunguza matumizi hayo. Majaribio haya huonyesha ni kiasi gani cha dhahabu kinaweza kupatikana bila zebaki.